Mizani kwanza, gia baadaye: Kilo za dereva zinavyoamua mbio za pikipiki

TANGA haihitaji kufundishwa habari za mizani. Huu ndio mji wa Hassan Mwakinyo, na shabiki wa Nguvumali au Makorora anajua kwamba pambano la ngumi huanza kabla ya kengele, pale mabondia wanapovua mashati na kupanda kwenye mizani. Mwakinyo alipomzima Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018, kwa TKO ya raundi ya pili, Waingereza walitafuta visingizio vyote, lakini kisingizio cha kilo hakikuwepo. Wote wawili walikuwa wamepimwa.

Sasa hamia kwenye mbio za pikipiki. Kwenye MotoGP, ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo, kanuni inasema pikipiki isipungue kilo 157. Inapimwa pikipiki tu. Jamaa mwenye kilo 60 na jamaa mwenye kilo 80 wanapanga mstari mmoja, taa zinazimwa, wanaondoka. Ni sawa na bondia wa uzito wa unyoya kupangiwa wa uzito wa juu kwa sababu glovu zao zina wakia sawa.

Je, hiyo ni haki? Mabishano haya yamerudi kwa nguvu miaka ya karibuni, na yana faida kwa Afrika Mashariki kuliko watu wanavyodhani. Jibu lake linategemea jambo moja: ukubwa wa chombo alichopanda dereva. Chombo kikiwa kidogo, kilo za mwili zinakuwa kubwa. Na huku kwetu wengi wanaoanza mchezo huu ni watoto, wakiwa juu ya vyombo vidogo.

HESABU YA BODABODA

Dereva wa bodaboda wa Nguvumali hii hesabu anayo kichwani, hata kama hajawahi kuiandika. Tuseme pikipiki yake ya injini ya cc 150 ina kilo 115, na yeye ana kilo 65. Akiwa peke yake, injini inasukuma kilo 180. Akipakia abiria wa kilo 70, zinakuwa 250. Akipiga mishikaki, abiria wa pili wa kilo hizohizo, mzigo unafika 320. Injini haijaongezwa hata tone la nguvu, lakini mzigo umekaribia kuwa mara mbili.

Kwenye tambarare ya mjini anaweza asione tofauti kubwa. Apandishe kutoka Muheza kwenda Amani, ndipo atakapojua. Gia zinashuka moja baada ya nyingine. Kwenye kona pikipiki inazama nyuma, usukani unakuwa mwepesi mikononi, breki zinachelewa kushika. Ndiyo maana mishikaki ni kosa barabarani. Chombo kilichotengenezwa kwa uzito fulani kinapoteza tabia zake zote kikibebeshwa mwingine.

Chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye mbio. MotoGP yenye kilo 157 ikibeba mtu wa kilo 60, jumla ni 217. Ikibeba wa kilo 80, ni 237. Tofauti ni kama asilimia 9. Sasa chukua pikipiki ya motocross ya mtoto, cc 65, yenye kilo kama 55 hivi. Ikibeba dogo wa kilo 30, jumla ni 85. Ikibeba dogo wa kilo 45, jumla ni 100. Tofauti imeruka hadi karibu asilimia 18, mara mbili ya ile ya wakubwa. Na dogo huyo hana injini ya kumuokoa.

Wenye mchezo wao wanalijua hilo. Ndiyo maana kwenye Moto3, daraja la vijana lenye injini ya cc 250, dereva hupimwa pamoja na chombo na vifaa vyake vyote, na jumla haitakiwi kuwa chini ya kilo 152. Moto2 nao wanapima pamoja: kilo 217. Ukifika MotoGP, mizani ya mtu inaondolewa. Sababu ni kwamba mashine za juu zina nguvu za farasi zaidi ya 250, na dereva akitoka kona ya polepole hawezi kuzitumia zote. Kompyuta inambana ili tairi la mbele lisinyanyuke. Nguvu ipo ya kumwaga, kwa hiyo kilo chache za mwili hazimuumizi sana pale.

KESI YA BAUTISTA

Kesi iliyowasha moto ni ya Álvaro Bautista, Mhispania mwenye mwili mdogo aliyechukua ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 2022 na 2023 akiwa na Ducati. Kwenye barabara iliyonyooka alikuwa akiwaacha wenzake kama vile wao wamesimama. Wapinzani walilalamika: jamaa ni mwepesi, halafu anajificha vizuri nyuma ya kioo cha mbele, upepo haumkamati.

Msimu wa 2024 ukaja na kanuni mpya. Dereva aliye chini ya kilo 80, akiwa na vifaa vyake vya mbio, anaongezewa vyuma kwenye pikipiki. Haongezewi tofauti yote, bali nusu yake, na kuna kikomo. Bautista akajikuta anabeba kilo kadhaa zisizokuwa zake.

Matokeo? Msimu huo alimaliza wa 3. Bingwa akawa Mturuki Toprak Razgatlıoğlu akiwa na BMW. Mtu wa haraka atasema kanuni imefanya kazi. Lakini taratibu kwanza. Bautista alikuwa ameumia kwenye majaribio mwishoni mwa 2023 na alianza msimu hajapona vizuri. Tena aliyeshika nafasi ya 2 ni Nicolò Bulega, aliyekuwa timu moja naye, Ducati ileile, na Bulega ni mrefu na mkubwa kuliko yeye. Kama uzito ungekuwa kila kitu, Bulega asingemuona mwenzake hata mgongo.

Bautista naye alikuwa na hoja yake, na si ya kupuuza. Mtu mkubwa ana mikono mirefu na mwili mzito wa kuilaza pikipiki na kuirudisha. Akitaka kuibadilisha kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia, anaisukuma kwa mwili wake. Mdogo anapambana nayo. Huwezi kumpa mmoja vyuma kwa sababu ya wepesi wake na usimpe chochote kwa sababu ya ufupi wa mikono yake. Hapo ndipo nusu ilipotoka: wakuu wa mchezo walikubali kuwa wepesi una faida na hasara pia.

MWEPESI ASIYEKUWA BINGWA

Anayetaka ushahidi wa hasara ya wepesi amtazame Dani Pedrosa. Alikuwa na kilo kama 51, mwepesi kuliko karibu wote wa zama zake. Alishinda mbio 31 za MotoGP, akawa wa 2 kwenye msimamo wa msimu mara 3: 2007, 2010 na 2012. Akastaafu mwaka 2018 bila ubingwa wa daraja hilo. Majeraha yalimwandama, hilo ni kweli, lakini kulikuwa na ugonjwa mwingine uliojulikana na kila fundi: matairi. Tairi la mbio linashika vizuri likipata moto, na linapata moto likikandamizwa. Pedrosa hakuwa na kilo za kulikandamiza. Siku ya baridi, au siku walipoletewa matairi magumu, mwenzake mwenye mwili alikuwa anakimbiza wakati yeye bado anatafuta mshiko.

Upande wa pili yupo Danilo Petrucci, Mwitaliano mwenye mwili wa beki wa kati. Ugonjwa wake ulikuwa kinyume: matairi yalipata moto kupita kiasi na kuisha mapema. Lakini Juni 2019 pale Mugello, uwanja wenye moja ya barabara ndefu na za kasi kuliko zote kwenye MotoGP, ambako kila mtu angesema mzito hana chake, Petrucci alimshinda Marc Márquez kwa sekunde 0.043. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kwa hiyo mwepesi anaondoka haraka na kufunga breki kwa kuchelewa, lakini tairi linaweza kumgomea. Mzito anachelewa kuondoka na anakula matairi, lakini ana mwili wa kuiamrisha pikipiki. Kinachoamua ni kama pikipiki imepangwa kwa ajili ya huyo aliyepo juu yake.

SOMO LA NGALAWA

Watu wa pwani hawapaswi kushangaa. Kwenye resi za ngalawa nahodha hachagui mabaharia wepesi tupu. Upepo ukikaza, anataka watu wa kukaa upande unakotoka upepo, wainamie nje, ili chombo kisilale na tanga liendelee kuvuta. Upepo ukilegea, wale wale wanakuwa mzigo. Wazee waliita farumi ule uzito unaowekwa chomboni ili kisipinduke, na kila nahodha anajua kuwa farumi ikikaa mahali pake inasaidia, ikikaa vibaya inazamisha.

Mwendesha motocross ni farumi inayotembea. Anasimama kwenye vikanyagio, anasogea mbele akiingia kona ili tairi la mbele lishike, anarudi nyuma kwenye mchanga, anainuka kabla ya kuruka tuta. Kwenye mashine ya kilo 100 na ushei, mtu wa kilo 75 ni karibu asilimia 43 ya uzito wote. Hakuna kipuri kwenye pikipiki hiyo kizito kuliko yeye, na hakuna kinachohama kama yeye.

FUTIKAMBA NA SPRINGI

Hapa ndipo wengi wanapopoteza mbio bila kujua. Pikipiki ya motocross inatoka kiwandani na springi zilizopangwa kwa mtu wa wastani, kwa kawaida mwenye kilo 70 hadi 80. Mwenye kilo 55 akiipanda, springi ni ngumu kwake: nyuma inabaki juu, usukani unacheza kwenye mwendo kasi. Mwenye kilo 95 akiipanda, nyuma inazama, mbele inakuwa nyepesi, kila kona inampeleka nje. Wote wawili watasema pikipiki ni mbovu, wakati ubovu upo kwenye springi tu.

Dawa yake ni ya bei ya futikamba. Pikipiki inawekwa kwenye stendi, tairi la nyuma linaning'inia. Fundi anapima kutoka kwenye ekseli hadi alama aliyoweka juu kwenye madigadi. Kisha dereva anapanda akiwa amevaa kila kitu: helmeti, buti, kinga za kifua. Wanapima tena. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo kiasi pikipiki ilichobonyea. Kwa pikipiki kubwa ya motocross, ambayo shokapu ya nyuma inaruhusu tairi kupanda na kushuka milimita kama 300, mafundi wengi wanataka ibonyee milimita 100 hadi 105, yaani theluthi moja. Ikizidi, wanakaza ringi ya springi. Ikipungua, wanailegeza. Ringi ikikazwa hadi mwisho na bado pikipiki inazama, springi hiyo si ya mtu huyo, itafutwe nyingine.

Ni baada ya hapo tu ndipo fundi anashika vitu vingine. Sproketi ya nyuma inaweza kuongezwa jino moja au mawili ili mzito apate mvuto wa kuondokea, akikubali kupoteza kasi kidogo mwishoni. Upepo wa matairi unapangwa kulingana na ardhi na mzigo. Usukani na vikanyagio vinasogezwa kufuata urefu. Anayeanza na vitu hivyo kabla ya springi anapaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Majirani wa Kenya wanaliona hili kila mwaka tangu Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021. Gari lililoshinda kwenye lami ya Ulaya haliji Naivasha kama lilivyo. Linanyanyuliwa juu, shokapu zinabadilishwa, na yapo yanayofungwa bomba la kuvutia hewa juu ili vumbi na maji visiingie kwenye injini. Na kwenye magari ya daraja la Rally2 kanuni haiachi mwanya: gari lisipungue kilo 1,230, na likiwa na dereva na msoma ramani lisipungue 1,390. Kwa maneno mengine, wale watu wawili wamehesabiwa kama sehemu ya gari.

NJAA SI MBINU

Suala hili halipaswi kuishia kwenye utani wa nani mnene, na sababu yake ni afya. Mizani ikitumika vibaya inaumiza watu. Formula One walipata somo hilo mwaka 2014, injini mpya zilipofanya magari kuwa mazito na timu zikaanza kuwabana madereva wapunguze mwili. Mfaransa Jean-Éric Vergne alisema wazi kwamba alilazwa hospitali baada ya kujinyima chakula kupita kiasi. Madereva warefu walikuwa wanaadhibiwa kwa mifupa yao.

Ilichukua miaka 5 kanuni kubadilika. Kuanzia 2019, dereva pamoja na kiti na vifaa vyake anahesabiwa kuwa na kilo 80 za chini, na mwaka 2025 zikapandishwa kuwa 82. Aliyepungua anaongezewa vyuma, na vyuma hivyo vinakaa eneo la kiti chake, visije vikapelekwa mahali pengine kulipa gari faida. Siku hiyo kujinyima chakula kukaacha kuwa na faida.

Baiskeli bado hawajafika huko. Mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kwa bara la Afrika, baiskeli zilikuwa na kikomo chake cha kilo 6.8, lakini mwendeshaji hakuwa nacho. Kwenye vilima vile vya Rwanda, ambavyo Tadej Pogačar alivitawala, kila gramu ya mwili inalipwa kwa jasho. Mchezo unaopima chombo bila kumpima mtu unamwambia mtu, bila kutamka, apungue.

Mtu mzima anaweza kusema ni kazi yake na mwili wake. Mtoto wa miaka 11 hawezi. Na motocross ya Afrika Mashariki, kuanzia viwanja vya Garuga na Busiika kule Uganda hadi kwa vijana wa Kenya na wa kaskazini mwa Tanzania, inategemea watoto. Madaraja yao yanapangwa kwa cc za injini na umri: 50, 65, 85. Watoto wawili wenye umri sawa wanaweza kupishana kilo 15 bila yeyote kuwa na kosa. Mmoja amerefuka mapema, basi. Mzazi anayeona mwanawe anaachwa kila mbio ana njia mbili rahisi: kumnunulia mashine kubwa kabla ya wakati, au kumpunguzia sahani. Ya kwanza inavunja mifupa, na ya pili inadumaza.

Kumfungia mtoto mwepesi vyuma nako si dawa. Pikipiki ikimwangukia, vile vyuma vinamwangukia yeye. Kilichowafaa watu wazima wa Superbike hakiwezi kubebwa hivyo hivyo hadi kwenye daraja la cc 65.

Njia iliyobaki ndiyo nyepesi kuliko zote. Mizani iwepo asubuhi ya mbio kama ilivyo kwenye ngumi, kila mtoto apimwe akiwa na vifaa vyake, na kipimo hicho akabidhiwe fundi. Mwenye kilo nyingi apate springi ngumu na sproketi ya kumsaidia kuondoka. Mwenye kilo chache apate springi laini, pikipiki imtii. Pakiwa na watoto wa kutosha, daraja moja ligawanywe mara mbili kwa uzito. Mizani ya namna hiyo inamhudumia mtoto, haimhukumu.

Wakubwa nao hawajamaliza kubishana. Mwaka 2027 MotoGP inaingia kwenye kanuni mpya: injini zinashuka kutoka cc 1,000 hadi 850, kiwango cha chini cha uzito wa pikipiki kinashuka kutoka kilo 157 hadi 153, na vile vifaa vya kuishusha pikipiki wakati wa kuondoka na kutoka kwenye kona vinapigwa marufuku. Mashine inakuwa nyepesi, nguvu inapungua, msaada wa mitambo unaondolewa. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinaongeza thamani ya kilo za mtu aliyekaa juu. Tofauti ya kilo 20 kati ya madereva wawili, iliyokuwa asilimia 9.2 kwenye kanuni za zamani, itakuwa asilimia 9.4, tena ikisukumwa na injini ndogo.

Ni ongezeko dogo, lakini kwenye mchezo ambao Mugello iliamuliwa kwa sekunde 0.043 hakuna kidogo kinachodharauliwa. Timu itakayolia kwanza kuhusu wepesi wa mpinzani wake itakuwa imekumbuka kile ambacho mabondia wa Tanga wanakifanya kila pambano: kupima mtu kabla ya kumpima ubingwa.